Mrejesho: yule wa kuacha ofisi akafinyange udongo

Wadau, mimi ndo yule niliyeuliza kama niache kazi ya ofisini nikafinyange vikombe na vyungu, mkanambia nitulie kwanza oda ziwe za kutosha. Basi nimetulia miezi minane, ijumaa nimerudisha kompyuta yao na kitambulisho, nimetoka.

Mliouliza wafinyanzi ninaowakubali: namba moja Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, 1950, yule mama hatumii gurudumu la kuzungushia udongo, anajenga chungu kwa mikono anakisugua mpaka king'ae, akikichoma kinatoka rangi ya chungwa, akikirudisha kwenye moto uliobanwa hewa kinakuwa cheusi tii. Mwingine Lucie Rie, alihamia London 1938, enzi za vita akawa anatengeneza vifungo vya nguo vya udongo ili mkono uende kinywani, hapo ndo nikaacha kuona aibu kuuza vitu vidogo vidogo.

Changamoto zipo, juzi kwenye tanuri vikombe vinne vimeachia mikono, niliibandika udongo ushakauka (kosa la kijinga kabisa). Kimoja kilichopinda nilimpa bosi siku ya kuaga, nasikia ndo anawekea kalamu.