Macaulay au chuo binafsi? Binti yangu anatakiwa kujibu kabla ya Mei 1

MamaNaima
Habari zenu ndugu. Binti yangu amekubaliwa vyuo viwili, na vyote vimempa nafasi kwenye programu ya wanafunzi bora. Kimoja ni Macaulay, programu ya CUNY, chuo kikuu cha umma cha jiji hapa New York, kingine ni chuo binafsi huko kaskazini mwa jimbo. Macaulay wana semina nne za lazima, moja kila muhula kwa miaka miwili ya mwanzo. Kule kwingine anachukua somo lolote, kisha anaandikiana na mwalimu mkataba wa kazi ya ziada. Kipi kina kozi nzuri?

KakaHarlem
Dada, nusu ya habari umebaki nayo. Anataka kusomea nini? Macaulay iko kwenye vyuo vinane vya CUNY, yeye kapewa kipi? Na ada nani analipa?

MwalimuJuma
Macaulay, bila kusita. Semina ya kwanza ni sanaa za jiji, ya pili ni watu walivyohamia New York, ya tatu sayansi, ya nne mipango ya jiji la kesho. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda. Mtoto wa mhamiaji anatumwa mitaani kusikiliza habari za wahamiaji wenzake, halafu anaziandika kitaaluma. Wapi pengine atalipata hilo mwaka wa kwanza?

PwaniBoy
Lakini Wamarekani wanakuza mambo. Kwetu UDSM hakuna kozi za pembeni. Unasoma na wenzako, ukifikisha GPA 4.4 una daraja la kwanza.

MwalimuJuma
Hapana, unachanganya. Hilo ni daraja la shahada, linahesabiwa mwishoni. Hapa wanazungumzia masomo yenyewe: darasa dogo, mijadala, na utafiti.

DadaPendo
MamaNaima, nikueleze kuhusu hiyo mikataba, maana niliipitia, chuo sikitaji. Nilichukua kemia ya kawaida, nikakubaliana na profesa niandike ripoti ya kurasa 20 ili somo lihesabike kwenye programu. Alisaini wiki ya tatu, nikafurahi. Kuanzia hapo nikawa namfuata ofisini, leo yuko mkutanoni, kesho amesafiri. Ripoti niliimaliza nikiwa nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Muhula ulipoisha hakuwa ameisoma, na tarehe ya kuwasilisha fomu ikapita. Alama ya kemia nilipata A, ila kwenye programu somo halikuhesabiwa. Mwaka wa tatu nikatolewa kwa kupungukiwa krediti. Nililia sana. Semina iliyopangwa ina mwalimu anayelipwa kuifundisha, humfuati mtu kumwomba akusome.

KakaHarlem
Pole sana Pendo. Ila mkataba na profesa mzuri ni dhahabu. Mimi wangu ndio uliozaa tasnifu yangu. Mama, bado hujajibu.

MamaNaima
Samahanini, nilikuwa kazini. Chuo alichopewa ni Hunter, anataka biolojia, baadaye udaktari. Macaulay wanasema ada yote inalipwa. Chuo binafsi wanatoa nusu.

MwalimuJuma
Biolojia! Basi semina ya tatu itamfaa. Huwa wanaingia bustanini na wanasayansi kuorodhesha viumbe, mchana na usiku.

BiShamim
Kwa udaktari aangalie ratiba. Biolojia, kemia na maabara zake, ukiongeza semina, ni mzigo kwa mtoto anayesafiri kwa treni kila siku. Anaishi wapi?

MamaNaima
Bronx. Tulitoka New Jersey Septemba iliyopita.

KakaHarlem
Septemba?! Dada, hili ndilo la kwanza kulisema. Kulipiwa ada yote ni kwa anayestahili ada ya mkazi wa jimbo, na CUNY wanataka awe ameishi jimboni miezi 12 kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Masomo yanaanza mwisho wa Agosti.

MamaNaima
Mungu wangu. Mkataba wa nyumba unaanza Septemba 3. Ila Naima alitangulia kwa shangazi yake mwezi Juni.

BiShamim
Shangazi ana barua yoyote yenye jina la Naima? Benki, shule, hospitali?

PwaniBoy
Mwalimu, hiyo 4.4 nimeithibitisha, usinibishie.

MamaNaima
Kuna kadi ya kliniki. Naipeleka ofisini kwao Jumatatu asubuhi.