Dogo ninayemfundisha kaangusha tela lenye mzigo, nimrudishe kwenye usukani au bado?

Chuma Mbele:
Wakuu heshima kwenu. Naenda moja kwa moja mana kichwa kimejaa. Nina dogo alikuwa utingo wangu muda mrefu tu, akapata leseni ya magari makubwa, tajiri akasema nikae naye mpaka aive ndo apewe gari lake. Kijana ana mkono. Kurivasi semi sehemu finyu anawapita baadhi ya wakongwe, mteremkoni hakimbilii breki anashusha gia mapema kabla hajaanza kushuka, yani nilishaanza kumpigia debe kwa tajiri.

Sasa juzi tumeacha tela tupu tunachukua lenye mzigo. Mimi niko ofisini na makaratasi, yeye anaunganisha. Anavyosimulia, karivasi akasikia klaki, akashuka, simu ikaita, akawa anaongea huku anachomeka mipira ya upepo na waya wa taa, akapandisha miguu ya tela (ile inayolibeba mbele likiwa limeachwa), akapanda akaondoka. Natoka mlangoni naona kichwa kinasogea na tela limebaki nyuma, mipira imevutika kama ulimbo mpaka mmoja ukakatika, afu pua ya tela ikateleza kwenye sahani (lile bamba la kichwa linalobeba na kufunga tela) ikabamiza chesisi na madigadi ya nyuma ikaishia chini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mawili yananisumbua. Kwanza dogo hataki kabisa kugusa usukani, anasema arudi kuwa utingo tu. Pili ananiomba nimwambie tajiri kuwa kufuli la sahani lilikuwa limekwisha, ili yasimkute. Namuonea huruma, ana watoto. Nifanyeje?

Siti ya Mbele:
Nimekaa hapa nasubiri madereva wa ukweli.

Gia Ndogo:
Mkuu poleni. Kabla ya ushauri jibu hili, hilo tela lilikuwa juu kuliko sahani au chini? Na nani alilileta pale?

Chuma Mbele:
Lilikuwa juu kidogo. Lililetwa na kichwa kirefu kuliko changu, jamaa akashusha miguu akachomoa akasepa zake.

Gia Ndogo:
Basi ndo hapo. Tela likiwa juu, kingpini, ile pini nene chini ya pua ya tela, haiingii kwenye mdomo wa kufuli la sahani, inapita juu yake au inakalia ukingo wake, na wewe kwenye kiti unasikia mgongano unadhani imeingia. Klaki sio ushahidi wa kitu chochote. Tela linatakiwa liwe chini kidogo ya sahani, ili kichwa kikirudi nyuma kilinyanyue chenyewe, uone kabisa pua inapanda. Ukiona hujalinyanyua hata kidogo, simama. Zungusha miguu ulishushe kwanza, au kama kichwa chako kina sasupensheni ya upepo kipandishe, ndo urudi tena.

Afu kuna kitu watu hawakiangalii. Ukishaunganisha, chuchumaa na tochi. Kati ya sahani ya kichwa na bamba la tela kusiwe na mwanga unaopenya. Ukiona mwanga, kingpini haijakaa. Alafu angalia kwa nyuma, kufuli liwe limeikumbatia kingpini kwenye shingo yake sio kwenye kichwa, na mkono wa kufuli uwe umerudi ndani mpaka mwisho, na kile kipini cha usalama kimekaa. Haichukui hata dakika mbili.

Kibao Chekundu:
Mnamlea sana huyo mtoto. Kaongea na simu anaunganisha tela lenye mzigo? Hilo lingechomoka barabarani nyuma kuna gari ndogo lina familia tungekuwa tunaandika uzi mwingine hapa. Arudi utingo, mwenyewe kashasema.

Bi Mkubwa wa Lami:
Kibao kaka yangu ukifukuza kila aliyewahi kuangusha tela utabaki na barabara tupu, wengi humu yamewakuta ila hawasemi. Hasira yako iko sahihi ila iweke kwenye simu.

Kwa uzoefu wangu tatizo la simu sio kwamba mkono ulikuwa bize. Dogo alikuwa katikati ya kazi yenye mpangilio, akakatizwa, aliporudi akili yake ikamwambia hatua ya kuangalia kufuli ameshaifanya mana ndo huwa anaifanya hapo. Sio kwamba hajui. Dereva mzoefu ndo anakamatwa zaidi na hili mana mikono inaenda yenyewe. Kwahiyo mfundishe kitu kimoja, akikatizwa na chochote, simu, mlinzi, mtu kamsalimia, anaanza upya kutoka mwanzo, sio kuendelea pale anapodhani aliishia. Mimi ufunguo huwa nauchomoa nautia mfukoni nikishuka, na haurudi mahali pake mpaka nimeona kingpini kwa macho yangu. Mtu akiniita katikati namwambia subiri, akikasirika shauri yake.

Fundi Mkavu:
Naongea kama fundi. Hiyo ripoti ya kufuli limekwisha USIANDIKE. Fundi akija atalala chini ya kichwa na tochi atajua ukweli haraka sana. Kingpini ikiwa imekaa juu ya sahani, tela likianza kuteleza linakwangua grisi mstari mmoja kwenda nyuma, na mdomo wa kufuli unakutwa na grisi yake haijaguswa. Kufuli lililoshindwa lina alama nyingine kabisa, meno yake yameliwa, au limevunjika. Sasa tajiri akiambiwa na fundi kuwa mmemdanganya, anayepoteza kazi sio dogo peke yake.

Na kabla ya kuwaza ripoti, hilo tela limetoka pale chini?

Chuma Mbele:
Bado, tajiri alitaka tupige jeki tulinyanyue tuondoke, mzigo unasubiriwa.

Fundi Mkavu:
Acheni kabisa!! Tela lenye mzigo limelalia pua usiweke jeki ukaingia chini, hata mguu usiingize. Mzigo upakuliwe kwanza au uletwe winchi yenye uwezo wa uzito huo. Magurudumu yawekwe vigingi pande zote mbili. Likishanyanyuka msiunganishe mkaondoka, kingpini ipimwe kama imepinda au ina ufa, bamba linaloishika liangaliwe, miguu, mipira yote miwili, waya wa taa, na chesisi ya kichwa pale ilipobamizwa. Kingpini ya kawaida ni inchi 2 na za mizigo mizito kuna za inchi 3.5, sasa ikilazimu kubadilisha hakikisheni inalingana na kufuli la kichwa chenu, nimeona watu wanabahatisha.

Chuma Mbele:
Sawa nimempigia tajiri nimemwambia jeki hapana. Kalalamika ila kakubali.

Mwendo wa Kobe:
Mkuu mimi naomba kupingana kidogo na wanaosema kuangalia tu. Kuvuta ndo mpango mzima. Unaweka gia ndogo, breki za tela zimekamata, unavuta taratibu mbele, tela likigoma kichwa nacho kikakita basi limeshika. Hapo unaenda zako.

Gia Ndogo:
Kuvuta ni lazima ila peke yake inadanganya mkuu. Tela zito msuguano wake tu kwenye sahani unaweza kukushikilia ukivuta kidogo, unaona limegoma kumbe limekaliana tu. Ukifika kwenye tuta au kona ndo linaaga. Vuta, halafu shuka uangalie. Na vuta kabla hujapandisha miguu, ili likichomoka likae kwenye miguu yake. Dogo hapo alikosa vyote viwili na miguu akapandisha, ndo mana ikala chesisi.

Mwendo wa Kobe:
Hiyo ya miguu nakubali.

Bi Mkubwa wa Lami:
Na mkiwa hapo kwenye mipira, mwambie dogo handbreki ya kichwa iwe imevutwa kabla hajashuka, kila mara, hata sehemu tambarare. Mpira mwekundu ndo unaopeleka upepo unaoachia breki za tela. Ukiuchomeka wakati kichwa hakina handbreki na kitufe cha breki ya tela nacho hakijawekwa, gari zima linaweza kuanza kutembea wewe umesimama katikati ya kichwa na tela. Madereva wamekufa hivyo wakikimbilia mlango ili waliwahi. Kuunganisha mipira kabla au baada ya kurudi chini ya tela watu wanatofautiana kulingana na walivyofundishwa, ila handbreki haina mjadala.

Kibao Chekundu:
Haya nimesoma. Naongezea tu, akirudishwa simu ibaki kwenye droo akiwa nje ya kiti. Bado nasema asipewe gari la peke yake mwaka huu.

Chuma Mbele:
Nimewasikia. Ripoti imeandikwa kama ilivyokuwa, dogo kaandika mwenyewe na mimi nimesaini. Tajiri kafoka wee, ila kamalizia kwa kusema gharama za mipira na madigadi wataongea. Dogo amebaki kazini. Lililobaki ni kumrudisha kwenye kiti, kila nikimwambia anasema "mzee acha kwanza".

Gia Ndogo:
Usimuache akae muda mrefu, woga ukikaa unaota mizizi. Ila usimpeleke barabarani. Mpeleke yadi na tela tupu, muda ambao hakuna haraka, aunganishe achomoe, aunganishe achomoe, huku anasema kwa sauti kila anachokiangalia. Wewe nyamaza. Ndo ngumu kwetu wazee kunyamaza 😂 ila akisahau kitu usimwambie, subiri afike kwenye ufunguo ndo umuulize umeona nini huko chini. Siku moja mbadilishie, muachie tela likiwa juu kuliko sahani makusudi usimwambie uone kama atasimama. Akisimama mwenyewe mpe usukani mrudi barabarani ukiwa pembeni yake.

Chuma Mbele:
Hiyo ya kuliweka juu makusudi naiba.

Siti ya Mbele:
Samahani wakuu mimi natumia tela la zamani halina breki za springi, upepo ukiisha magurudumu yanabaki huru. Hapo nikivuta si litanifuata tu?

Fundi Mkavu:
Litakufuata ndio. Kwa hilo chomeka mipira kwanza, jaza upepo, kamata breki za tela kutoka kwenye kichwa ndo uvute. Na likiwa limeachwa peke yake vigingi haviondoki kwenye magurudumu mpaka umeshaunganisha na umeshaangalia, vigingi vya ukweli sio jiwe la kuokota. Ila ushauri wangu mpeleke tajiri wako aone gharama za kufunga springi, hilo tela siku moja litaondoka lenyewe.

Siti ya Mbele:
Jiwe ndo natumia kwakweli. Kesho natafuta vigingi.