Supu baridi ya cheri ya Hungaria, krimu isikatike nifanyeje?

Mpishi_Tanga: Wadau habari zenu, nataka kupika ile meggyleves ya Wahungaria, supu ya cheri chachu inayoliwa baridi. Sasa krimu ikikutana na ule uchachu si itakatika tu? Na huku cheri chachu hazipatikani, niweke nini?

Budapest_Msomi: Usimwage krimu moja kwa moja jamani. Chemsha cheri na maji, sukari, mdalasini, karafuu mbili tatu na chumvi kidogo. Pembeni koroga krimu chachu na unga wa ngano kijiko hivi mpaka mabonge yaishe, afu chota ule mchuzi wa moto kidogo kidogo utie kwenye krimu huku unakoroga, ikishapata joto ndo unairudisha sufuriani, moto mdogo, ichemke kidogo iwe nzito basi. Unga ndo unazuia isikatike. Ipoe, friji mpaka kesho. Sukari ionje ikiwa baridi maana ubaridi unapunguza utamu.

Bi_Mkubwa: Na ni kweli wanaila kabla ya chakula? Mi hiyo ningeiita juisi nzito 😂

Budapest_Msomi: Kabla kabisa dada, kwa kijiko, hasa kiangazi.

kaka_zambarau: Jaribu zambarau mwanangu, rangi utaipata, ila chachu haitoshi, kamulia ndimu mwishoni. Krimu chachu huna? Mtindi mzito uliochujwa kwa kitambaa.

Mpishi_Tanga: Shukrani, zambarau zipo tele sokoni saa hizi