Trekta liko Muheza, linawaka vizuri, resi haipandi

Kutoka Muscat:

Assalaam alaykum, wana Tanga mliotawanyika.

Kuna Massey Ferguson 240 shambani Muheza. Injini ni Perkins ya pistoni tatu, lita 2.5, na pampu yake ni CAV DPA. Linawaka kwa ufunguo mara moja, linakaa sailensa (injini ikiunguruma taratibu bila kukanyagiwa mafuta) bila kutetemeka, ila dereva akikanyaga mafuta hakiongezeki kitu. Akivuta mkono wa mafuta wa kwenye usukani, hali ni ile ile. Fundi wa kwanza anataka kufungua pampu palepale chini ya mwembe. Wa pili anasema nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zimekufa. Masika hayo yanaingia, na watu wameshalipia kulimiwa. Nianze wapi kabla sijatuma hela?

Kutoka Tanga mjini:

Waalaykum salaam, shekhe. Hela ibaki huko huko kwanza, na huyo wa mwembeni mzuie. Pampu ya DPA haifunguliwi kwenye vumbi. Chembe usiyoiona kwa macho inatosha kukwaruza roto, kile chuma kinachozunguka ndani yake, na ikishakwaruzwa hiyo pampu ni ya kununua nyingine.

Nozeli nazo ziondoe kwenye hesabu. Nozeli mbovu huonekana hata kwenye sailensa: injini inakosa, inagonga, inatikisa bonati. Zife zote tatu siku moja na injini iendelee kutulia? Hapana.

Dereva aanze na vitu vitatu, na kwa vyote anahitaji mtu wa pili tu na spana chache.

Kwanza, mkono wa pampu. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa. Mmoja akae kitini akanyage mafuta mpaka chini, wa pili aangalie ubavuni mwa pampu kama ule mkono unafika mpaka kwenye skrubu ya kikomo. Mara nyingi pini ya fimbo inayotoka kwenye pedali imelika, au kiungio kimeshika kutu, basi pedali inakwenda lakini mkono unasogea nusu tu. Akitaka uhakika, achomoe fimbo ausukume mkono kwa kidole. Resi ikipanda, ugonjwa uko kwenye fimbo na pampu ni nzima. Skrubu ya kikomo yenyewe, yenye waya na lakiri ya risasi, asiiguse. Na mtu wa kitini awe ameshika kizimio cha injini muda wote huo, kwa sababu kitu kilichokwama kikiachia ghafla injini inaruka.

Pili, kizimio chenyewe. Waya wake unapita ndani ya ganda, na kwa hewa yetu ya chumvi unaota kutu na kuishia katikati: hauzimi injini, lakini haurudi mpaka mwisho. Mkono wa kizimio ukiwa umebaki nusu, pampu inabana mafuta na unapata ugonjwa huo huo unaoueleza. Achomoe waya pale kwenye pampu, auweke mkono kwenye kuwaka, ajaribu tena. Dakika tano.

Tatu, moshi. Akanyage mpaka chini sekunde ishirini, mtu atazame bomba. Hakuna moshi kabisa: injini haipati dizeli. Moshi mweusi: dizeli ipo, hewa haipo, au kuna mzigo unaoibana. Mweupe unaochoma macho: dizeli inapita bila kuungua, fikiria maji kwenye mafuta au taiming, yaani dizeli kuingia wakati usio wake. Jibu la moshi ndilo litakalosema uende njia ipi, kwa hiyo akurekodie video kwa mchana, bomba likiwa na anga nyuma yake. Wakirekodi na mwembe nyuma hutaona kitu.

Kutoka Muscat:

Video imekuja. Mkono wa pampu unafika mwisho. Waya wa kizimio umechomolewa, mabadiliko hakuna. Moshi hakuna, si mweusi si mweupe. Akishikilia pedali kwa muda, injini inapanda kidogo, kisha inalegea na kurudi ilipokuwa.

Kutoka Tanga mjini:

Basi hiyo ni njaa. Kupanda kidogo na kulegea maana yake kuna akiba ndogo ya dizeli kwenye filta na pampu, ikiliwa haijazwi kwa kasi inayotakiwa. Kwenye sailensa injini hiyo inakunywa kama lita moja kwa saa. Ikilima kwa nguvu inaweza kutaka saba hadi kumi. Laini iliyoziba robo tatu inailisha sailensa bila taabu, ndiyo sababu watu hudanganyika wakasema "mbona inawaka vizuri".

Fuateni dizeli kuanzia tenki kwenda mbele, msirukie katikati.

Fungeni koki ya tenki, chomoeni mpira unaoingia kwenye pampu ndogo ya kuvutia, ile inayosukumwa na kemshafti, yenye kimkono cha kupampu. Wekeni chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, fungueni koki. Dizeli lazima itiririke yenyewe, mkondo mnene usiokatika. Ikianza vizuri halafu ikafifia, fungueni mfuniko wa tenki. Mkondo ukirudi, tundu la kupumulia kwenye mfuniko limeziba kwa tope: tenki linajivuta lenyewe kama chupa unayoinyonya. Ikiwa mkondo ni hafifu hata mfuniko ukiwa wazi, kizuizi kiko kwenye koki au kwenye kichujio cha waya kilichoko mdomoni mwa tenki.

Mkondo ukiwa mzuri, rudisheni mpira, mchomoe paipu upande wa kutokea wa pampu hiyo ndogo. Vuteni kizimio, pigeni stata. Irushe kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoa mate tu, kiwambo chake kimepasuka au valvu zimechoka. Angalieni pia kijiti cha oili ya injini: kikinuka dizeli na oili imepanda, kiwambo kimetoboka na dizeli inateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hapo msiwashe tena kabla ya kumwaga oili.

Filta ni ya karatasi, namba 296, ipo kila duka la vipuri. Kama trekta lina vichwa viwili vya filta, badilisheni zote mbili. Mipira yake mipya ya kuzuia kuvuja iko ndani ya boksi, na ule mdogo wa boliti ya katikati ndio watu husahau, halafu wanashinda siku nzima wakitafuta upepo unapoingilia. Washa za shaba za zamani zinaweza kutumika tena zikichomwa mpaka ziwe nyekundu na kutumbukizwa majini, zinalainika.

Kutoa upepo: legezeni skrubu ya juu ya kichwa cha filta, pampuni kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kazeni. Kisha skrubu ya chini ubavuni mwa pampu, halafu ile ya juu kwenye kifuniko cha gavana (sehemu ya pampu inayodhibiti resi), kwa mpangilio huo huo. Kimkono kikiwa hakina uzito, kemu imekisukuma. Zungusheni injini kidogo, kitashika. Mwisho legezeni nati za paipu kwenye nozeli, mafuta yakanyagwe mpaka chini, stata isizidi sekunde kumi na tano kisha ipumzike. Dizeli ikichuruzika kazeni. Hakuna kuweka kidole wala kiganja mbele ya paipu hizo, presha yake inapenya ngozi na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali hata kama ni tundu la sindano.

Kutoka Des Moines, Iowa:

Nyongeza kwa wenye John Deere na wengine wenye pampu za Stanadyne au Roosa Master, maana wapo nao huko Handeni na Korogwe. Ndani ya gavana ya pampu hizo kuna ringi ya plastiki inayoshika vizito. Ikizeeka inameguka, na makombo yake yanaziba kiungio cha dizeli inayorudi juu ya pampu, chenye kigololi ndani. Presha inajaa ndani ya pampu, resi inakataa au injini inazima. Fungua kiungio hicho uangalie: ukikuta makombo ya kahawia au meusi kama masizi ya chungu, umeshapata jibu. Kusafisha kunakupa siku chache tu, pampu lazima ifunguliwe mezani ibadilishwe ringi. CAV DPA ya Muheza haina ringi ya namna hiyo, msimruhusu mtu akaitafute.

Kutoka Leicester:

Wenye matrekta mapya ya dizeli yanayoongozwa na kompyuta, habari ni nyingine kabisa. Pedali ina vihisio viwili, visipokubaliana kompyuta inaishikilia injini chini kwa makusudi. Anza na waya (panya wanazipenda), soketi yenye kutu na betri dhaifu, kisha usome kodi za hitilafu kwenye kompyuta. Kupampu kwa mkono hakutasaidia kitu.

Na moshi ukiwa mweusi, msisahau kichujio cha hewa cha bakuli la oili. Oili ikizidi alama inanyonywa na kuziba wavu. Nyigu wa udongo pia hujenga ndani ya bomba la hewa trekta likikaa msimu mzima. Kabla ya yote hayo, sikilizeni mkono wa haidroliki: ukiachwa juu kabisa huku plau imekwama, pampu inalia na kuibana injini, na watu wanalaumu dizeli.

Kutoka Muscat:

Mkondo wa kutoka tenki ulikuwa kama wa birika la kahawa. Kufungua mfuniko hakukubadilisha. Je, ikibaki vile vile baada ya koki kusafishwa, ndiyo tufungue pampu?

Kutoka Tanga mjini:

Hapana, tenki lishushwe kwanza. Mwageni yote kwenye ndoo safi muone kinachotoka.

Ikifika siku ya pampu kweli, nini kinaweza kuwa ndani: kichujio kidogo cha nailoni penye mdomo wa kuingilia, valvu ya kupimia iliyoganda kwa utomvu wa dizeli ya msimu uliopita au kutu ya maji, bledi za pampu ya ndani zilizolika, au springi ya gavana iliyokatika. Springi hiyo ina matundu zaidi ya moja ya kuishikiza, na fundi akiikosea tundu, gavana inaharibika tabia. Kwa hiyo ulizeni: resi ilikataa yenyewe, au ilikataa baada ya mtu kufungua kifuniko? Kabla ya kuishusha, piga mstari wa patasi unaovuka flenji ya pampu na gamba la injini ili irudi ilipokuwa. Injini isizungushwe pampu ikiwa nje. Midomo yote izibwe kwa plastiki safi, ipelekwe kwa mwenye mashine ya kupimia.

Nawe huko usinunue seti ya mipira ya pampu kwa jina la trekta. Dereva apige picha ya bamba la pampu, namba yote, herufi kwa herufi. DPA ziko za aina nyingi mno. Na mtu asithubutu kubeba pampu iliyotumika kwenye sanduku la ndege, harufu ya dizeli peke yake inatosha kuzuiliwa.

Kutoka Muscat:

Tenki limeshushwa. Kichujio cha mdomoni kilikuwa kimevaa nyuzi za pamba, ute mweusi na maji chini yake kama kikombe. Wanajazia kutoka kwenye madumu kwa kuchuja na kipande cha kanga. Filta zote mbili mpya, upepo umetolewa. Kwenye mita resi imepanda mpaka mizunguko 2250 kwa dakika na inakaa. Swali la mwisho: pampu ndogo ya kuvutia nayo nibadilishe?

Kutoka Tanga mjini:

Kama inarusha kwa mapigo, iache. Kanga ndiyo uibadilishe: inaacha nyuzi kila inapochuja. Tafuteni faneli yenye wavu mzuri wa shaba, dumu litulie usiku kucha kabla ya kumimina, na dizeli ya chini ya dumu, kimo cha vidole vinne, isiingie tenki. Dumu lililokuwa la mafuta ya nazi lisitumike hata likioshwa. Tenki lijazwe jioni baada ya kazi, likilala nusu linakusanya jasho na maji yanarudi. Filta ya kwanza ifunguliwe tena baada ya saa 50, maana ute uliobaki kwenye paipu utakuja wote hapo.