Kitu kilishapewa notisi tangu 2017, leo mnaniambia "hatukujua"?

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiye na subira apite tu. Nimeuweka wiki mbili nikisema nipoe kwanza. Sijapoa.

Mimi ni mtu wa mifumo kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar. Jina lake halina kazi hapa, wala la mkandarasi wetu, maana kibarua changu bado nakihitaji. Ghala, ankara na mishahara, vyote vinakaa juu ya kanzidata ya Oracle 11g iliyokuwepo kabla mimi sijaajiriwa. Huduma ya nyongeza ya toleo hilo, lile la 11.2.0.4, ilifungwa mwisho wa Desemba 2020, kwa hiyo kuhama ilikuwa lazima na sibishani na hilo. Mkandarasi akaja na slaidi zake, tunapanda toleo la 19c (matoleo yanafuatana hivi: 10g, 11g, 12c yenye 12.1 na 12.2, 18c, 19c), kazi inaanza Ijumaa usiku, Jumapili jioni imeisha, Jumatatu "watumiaji hawatajua hata kama kuna kilichobadilika". Hayo ni maneno yake mwenyewe, niliyaandika kwenye daftari.

Jumatatu saa mbili kasorobo ghala halifunguki.

Pale getini kuna kompyuta tatu za kutolea hati za mzigo, na ndani yake kuna programu ya kuunganishia ya enzi za 10g ambayo hakuna aliyeigusa kwa sababu ilikuwa haisumbui. Sasa, kuanzia 12.2 seva ya Oracle isipobadilishwa mipangilio inakataa kuongea na programu za kale za aina hiyo. Inakutupia namba ya kosa, ORA-28040 basi, haina maelezo. Malori yamejipanga mpaka barabarani, madereva wanapiga honi, msimamizi wa ghala ananipigia simu na matusi ya Kikwere. Mkandarasi akaingia kwa mbali, akaweka mstari mmoja kwenye sqlnet.ora, faili la mipangilio ya kuunganisha, wa kuruhusu programu za kale, SQLNET.ALLOWED_LOGON_VERSION_SERVER=8, geti likafunguka. Wakubwa wakampigia makofi. Ambacho hakusema ni kwamba amelegeza kitasa cha nyumba nzima ili kompyuta tatu zipite. Nimekuja kuuona mstari huo siku nne baadaye nikitafuta kitu kingine kabisa, na hauko kwenye ripoti yao ya makabidhiano.

Jumanne ikawa zamu ya ankara. Wateja wetu wakubwa wanapata ankara moja yenye namba zote za hati za mzigo zimepangwa kwenye mstari mmoja, zimetenganishwa kwa mkato. Aliyetengeneza ripoti hiyo alitumia WM_CONCAT. Wanaojua wameshacheka. Kwa wasiojua: hiyo ni funksheni iliyokuwa ndani ya Oracle kwa matumizi ya Oracle wenyewe, haijawahi kuandikwa kwenye vitabu vyao kwamba mteja aitumie. Watu waliigundua, wakaambizana, ikaenea. 12c ilipotoka 2013 ikaondolewa. Ukiiita sasa unapata ORA-00904, kana kwamba umeandika jina la kubuni.

Kinachoniuma hapa ni kwamba mbadala wake halali, LISTAGG, ulikuwa ndani ya 11.2. Yaani toleo lilelile tulilokuwa nalo miaka yote! Tungeweza kubadilisha ripoti ile taratibu, mchana kweupe, bila apgredi yoyote, na siku ya kuhama isingekuwa habari. Badala yake kijana wa mkandarasi akaibadilisha Jumanne saa nane mchana huku mhasibu amesimama nyuma yake. Na kwa kuwa alikuwa na haraka, hakukumbuka kuwa LISTAGG isipopewa maelekezo inagoma matokeo yakizidi baiti 4000. Alhamisi mteja mwenye hati nyingi kuliko wote akakosa ankara, ORA-01489. Ukitaka ikate mwisho kwa adabu kuna maneno ya kuongeza, ON OVERFLOW TRUNCATE, yapo tangu 12.2. Kwetu hata kukata hakufai, mteja anazitaka namba zote, kwa hiyo ripoti ilibidi isukwe upya. Haya ni mambo ya kujaribu kwenye nakala ya kanzidata wiki sita kabla, si ya kugundua mteja akiwa kwenye simu.

Nikajua tumemaliza. Kumbe tarehe 25 ilikuwa inatusubiri.

Mishahara yetu inalipwa hivi: kuna utaratibu ndani ya kanzidata unaoandika faili la malipo kwenye folda fulani ya seva, mhasibu analichukua na kulipakia benki. Uliandikwa na mzee mmoja ambaye sasa amestaafu, na juu kabisa aliweka maoni: "ya muda, itarekebishwa". Ya muda! Ndani yake njia ya folda imeandikwa waziwazi, na seva ya zamani iliruhusu kwa sababu ya kigezo kinachoitwa UTL_FILE_DIR. Kigezo hicho kilitangazwa kuachwa kwenye 12.2, ambayo watu walianza kuiweka kwenye seva zao 2017. Kwenye 18c kikaondolewa. Njia mbadala, ya kuisajili folda ndani ya kanzidata yenyewe kwa CREATE DIRECTORY, imekuwepo tangu zama za 9i. Tarehe 25 saa tatu asubuhi: ORA-29280.

Haya, nikasajili folda mwenyewe, sikumsubiri mtu. Nikajaribu tena. ORA-29283. Nikatoa ruhusa zote, tena. ORA-29283. Saa saba mchana ndiyo nikagundua kuwa folda ile si folda, ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye diski nyingine, kuna mtu aliihamisha zamani nafasi ilipojaa. Na 18c hiyohiyo ilipiga marufuku UTL_FILE, kile chombo cha Oracle cha kuandika mafaili, kupita kwenye viungo vya namna hiyo. Imeandikwa. Iko kwenye mwongozo wao wa kupandisha matoleo, sura ileile, karibu na tangazo lilelile la UTL_FILE_DIR. Yaani mtu angesoma kurasa mbili tu. Mbili!

Watu mia na kitu wamelala siku hiyo bila mshahara. Dada mmoja wa usafi alinifuata ofisini akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, nasikia kompyuta imekula hela zetu?" Nilikosa pa kuweka uso.

Sasa sikilizeni mkandarasi alivyojibu kwenye kikao. Kwamba yote haya ni "mabadiliko ya mtengenezaji", si hitilafu ya kazi yao, kwa hiyo marekebisho ni kazi ya ziada na yataandikiwa bei yake. Na kwamba "hakuna aliyejua" kama tunatumia vitu hivyo.

Hapo ndipo nilipochoka.

Oracle wana maneno mawili tofauti, "deprecated" na "desupported", na wameyaeleza kwenye mwongozo wao. La kwanza maana yake ni kwamba kitu hiki tumeacha kukiendeleza, kwenye toleo hili bado kinafanya kazi na tunakihudumia, lakini anza kutafuta kwingine. La pili maana yake hatukihudumii tena, na huenda kimeshafutwa kabisa. Kwa lugha ya mpangaji, la kwanza ni notisi, la pili ni kukuta kitanda chako kiko nje. Baina ya hayo mawili mara nyingi kuna toleo zima au zaidi. Shida ya kuruka kutoka 11g hadi 19c kwa mkupuo mmoja ni kwamba unazipita notisi zote ukiwa usingizini. Za 12.1, za 12.2, za 18c, zote zilitolewa, zote hukuzisoma, halafu unafika unakuta vitanda vyote viko nje siku moja. Ndiyo maana anayeruka matoleo anatakiwa kusoma orodha za matoleo yote aliyoyaruka, siyo ile ya mwisho tu. Mtu anayelipwa kwa utaalamu wa kupandisha matoleo hawezi kuniambia hilo halijui.

Na hao "hakuna aliyejua"? Kanzidata ilijua. Msimbo wote uliomo ndani yake unasomeka kupitia DBA_SOURCE, orodha ya ndani ya Oracle. Nimekaa jioni moja, nikatafuta UTL_FILE, WM_CONCAT, DBMS_JOB. Nimemaliza kabla chai haijapoa. Hiyo DBMS_JOB, njia ya zamani ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, nayo ina kisa chake: kazi za usiku zilizokuwepo zilihamishwa salama, kwa sababu 19c inazigeuza yenyewe kuwa kazi za DBMS_SCHEDULER. Lakini ukitaka kuongeza mpya, akaunti ya mfumo lazima iwe na ruhusa ya CREATE JOB ambayo zamani haikuhitajika, usipokuwa nayo ni ORA-27486. Tumeligundua wiki ya tatu. Hata silihesabu tena.

Nikiri kitu kimoja kabla hamjanirukia. Utafutaji huo hauoni kila kitu. WM_CONCAT ya ankara haikuwa ndani ya kanzidata, ilikuwa ndani ya faili la ripoti kwenye seva nyingine, na DBA_SOURCE isingeiona ng'o. Kuna maswali mengine yako ndani ya Excel ya mtu wa mauzo. Kompyuta za getini hazimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo hapo lazima uzunguke kwa miguu, umuulize msimamizi wa ghala anabonyeza nini asubuhi na mhasibu anabonyeza nini tarehe 25, halafu uyabonyeze yote hayo kwenye seva ya majaribio. Sisi seva ya majaribio tulikuwa nayo. Unajua walichojaribu? Kama inawaka, kama watu wanaingia, kama skrini ya kwanza inafunguka. Wakasaini karatasi kwamba majaribio yamepita. Na upande wetu kuna bosi alisaini pia bila kuuliza hata swali moja, na huyo naye namuweka humu humu kwenye lawama. Hakuna aliyejaribu kufunga mwezi. Hesabu ya mali ya mwisho wa Juni haijaguswa mpaka leo, na nikiifikiria tumbo linanguruma.

Na chombo cha kukagua kabla ya kupanda? Walikiendesha, wana ripoti nzuri ya kijani. Kile kinaangalia kanzidata kama kanzidata, vigezo na vitu vya ndani yake. Kuhusu UTL_FILE_DIR kilitoa onyo, liko ukurasa wa pili, nimeliona kwa macho yangu. Wao wakakitoa kigezo kwenye faili la mipangilio ili onyo liondoke. Wakuu, hebu lirudieni hilo. Onyo linasema kitu hiki kinakwenda, mtu anakitoa ili karatasi iwe safi, hajiulizi nani alikuwa anakitumia.

Sasa nina swali, na hapa naomba wenye uzoefu wa mikataba mje. Je, kuna mtu amewahi kumbana mkandarasi kwa maandishi kwamba kabla ya malipo ya awamu ya kwanza alete orodha ya vitu vyote vilivyoachwa na vilivyoondolewa kati ya toleo la kuanzia na la kufikia, na mbele ya kila kimoja aandike tunakitumia wapi, au ametafuta wapi hakukikuta? Mwanasheria wetu ananiambia hiyo ni "ya kiufundi mno". Kama mnayo lugha iliyopita mkononi mwa mwanasheria, nirushieni.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza kwenye ujumbe kwa nini tusingebaki 11g maana ilikuwa inafanya kazi. Mkuu, viraka vya usalama hakuna, na ukilegeza kitasa kama walivyotulegezea bila viraka unalala na mlango wazi. Suala la kuhama sikuwahi kulipinga.

NYONGEZA YA PILI: Nimeangalia walivyoijenga hiyo 19c. Wametuacha kwenye muundo wa zamani, kanzidata moja isiyokaa ndani ya chombo kikubwa (wao wanauita non-CDB). Muundo huo ulipewa notisi kwenye 12.1.0.2, mwaka 2014, na kuanzia 21c haupo tena. Kwa hiyo toleo letu lijalo, lolote litakalokuwa, linaanza na kuhamisha nyumba nzima. Nimewaandikia barua pepe kuuliza kwa nini hawakutushauri.

Hawajajibu. Ila ankara yao imefika leo saa nne asubuhi, kurasa tatu, na kwenye mstari wa saba wamenitoza "ushauri kuhusu matoleo yajayo".