Shahada ya uhandisi na kamisheni ya JWTZ: niende jeshini au nibaki uraiani?

Mhitimu wa Ujenzi (muuliza swali)

Shikamoo wakubwa, na salamu kwa wenzangu wote. Nina umri wa miaka 25, nina shahada ya uhandisi ujenzi, na mkataba wangu wa kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) unakaribia kwisha. Tangu nikiwa sekondari nimetamani kuwa afisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Sasa kampuni moja ya ukandarasi imeniahidi kazi katika mradi wa barabara, na inataka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mama ananisihi niichukue, kwa kuwa mshahara wake unajulikana, ilhali tangazo la Jeshi halijatoka na hata likitoka hakuna ajuaye nani atachukuliwa.

Naomba anayeijua njia hii anieleze ukweli wake: mhitimu wa chuo kikuu hufikaje Monduli, kwenye chuo cha kijeshi kinachofunza maafisa, taaluma yake hutumikaje akishatunukiwa kamisheni, yaani akishafanywa afisa, na ni mambo gani ambayo watu huyafahamu wakiwa wameshaingia, wakati walipaswa kuyafahamu wakiwa bado nje?

Meja Mstaafu, Arusha

Marahaba, binti yangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu vijana wengi wanaofuata njia hii huitazama kuanzia siku ya kamisheni, wanapomwona Rais akiwatunuku maafisa wapya pale Monduli, na hawaulizi kilichotangulia siku hiyo.

La kwanza ulielewe vizuri: shahada haikupeleki Monduli moja kwa moja. Utaingia kama kuruta, yaani askari mpya aliye mafunzoni, utapiga kwata bega kwa bega na vijana wa kidato cha nne, utaamrishwa na koplo ambaye huenda hakufika chuo, na utamwita afande kwa heshima yote. Uteuzi wa kwenda kozi ya uafisa huja baadaye, na unategemea usaili, afya, mwenendo wako na mahitaji ya Jeshi kwa wakati huo. Wapo wenye shahada wanaotumikia kama askari kwa miaka kadhaa kabla ya kuteuliwa, na wapo wasioteuliwa kabisa. Kwa hiyo kabla hujajiuliza kama unataka kuwa afisa, jiulize kama ungekubali kuwa askari endapo uteuzi haukuja. Ukijibu hapana, chukua kazi ya barabara na umpunguzie mama yako wasiwasi.

Ukiteuliwa, utakuwa afisa mwanafunzi. Wapo wanaosomea Monduli shahada ya sayansi ya kijeshi kwa miaka mitatu, na wapo wa kozi ya kawaida ambayo ni fupi zaidi. Mtu mwenye shahada yake tayari kwa kawaida huelekea hii ya pili. Unatoka ukiwa Luteni Usu. Ukipelekwa kwenye kikosi cha wapiganaji, unakabidhiwa platuni, yaani askari thelathini hivi, wengine wakiwa na umri wa kukuzidi na uzoefu ambao huna. Hapo ndipo kazi ya afisa inapoanzia. Utapaswa kujua nani anauguliwa na mtoto, nani ana deni linalomsumbua, nani anakunywa kupita kiasi, na bado alfajiri uwaongoze kwenye ruti machi, yaani matembezi marefu ya kijeshi, ukiwa mbele. Sajini wako atakuwa mwalimu wako ingawa wewe ndiye mkubwa wake kwa cheo, na afisa kijana asiyekubali kufundishwa na sajini huharibikiwa mapema sana. Nimewaona wahandisi wazuri waliochukia sehemu hii ya kazi, na nimewaona walimu wa kawaida walioifanya kwa upendo mkubwa.

Uhandisi wako hautapotea. Jeshi lina wahandisi wa medani, yaani wa uwanja wa vita, na kazi zake nyingine za ujenzi unazifahamu: ukuta wa machimbo ya tanzanite ya Mirerani wenye urefu wa kilomita 24.5, uliozinduliwa Aprili 2018, ulijengwa na wanajeshi na vijana wa JKT. Hata hivyo, anayeamua utatumika wapi ni Jeshi. Unaweza kupelekwa kwenye ujenzi, na unaweza kupelekwa mpakani ukakaa bila kugusa mchoro hata mmoja.

Mambo mawili zaidi ambayo huelezwa kwa nadra. Umri wa kustaafu wa afisa hufuata cheo chake, hivyo anayekwama kwenye Umeja hurudi uraiani mapema kuliko Brigedia Jenerali, akiwa bado na nguvu na watoto wa kusomesha. Vyeo vya juu vinategemea kozi, hasa ile ya Chuo cha Ukamanda na Unadhimu kilichopo Duluti, na nafasi huko ni chache. Jambo la pili ni siasa. Katiba yetu, ibara ya 147, inamzuia mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa anapiga kura. Hilo lina historia ndefu: maasi ya Januari 1964 katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, yalitokana na mishahara na pia na hasira ya askari kuongozwa na maafisa wa Kiingereza, na jeshi lile lilivunjwa, likazaliwa hili la sasa tarehe 1 Septemba 1964. Suala la nani awe afisa, na afisa huyo amtii nani, limo ndani ya msingi wa JWTZ. Kama wewe ni mtu wa kutoa maoni ya kisiasa mitandaoni kila siku, fahamu kwamba utayaacha.

Mhandisi wa Barabara, Dodoma

Namheshimu sana Meja, na sipingani naye kuhusu uongozi, ila kwenye taaluma naona ameligusa jambo kwa wepesi. Mhandisi mhitimu anahitaji miaka ya mwanzo ya kazi iliyosimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa ili Bodi ya Usajili wa Wahandisi imkubali kuwa mhandisi mtaalamu. Mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi huchukua miaka mitatu. Miaka hiyo ikipita kwenye kwata na doria, utajikuta una cheti cha shahada na huna mkono wa kazi. Ushauri wangu ni kwamba ujisajili sasa hivi katika daraja la mhandisi mhitimu, njia yoyote utakayochagua, kisha uiulize Bodi kwa maandishi ni kazi gani za jeshini zinazohesabika. Ukipata jibu lao mkononi, utaamua ukiwa unajua unachokiacha.

Vilevile, usisahau umri. Matangazo ya karibuni yameweka ukomo wa miaka 27 kwa wenye shahada, kwa hiyo ukichukua kazi ya barabara ukijiambia kwamba utajaribu Jeshi baadaye, huenda hiyo baadaye isiwepo. Ujenzi utakusubiri, Jeshi halitakusubiri. Nasema hivi japo mimi mwenyewe ningekushauri ubaki kwenye ujenzi.

Mke wa Afisa

Mdogo wangu, wanaume hawa wamezungumzia kazi. Mimi nazungumzia nyumba.

Afisa huhamishwa, na huhamishwa kwa amri. Mimi nimemfuata mume wangu mkoa hadi mkoa, na kila uhamisho umenigharimu ajira au biashara niliyokuwa nimeanza kuijenga. Sasa geuza upande: wewe ndiye utakayekuwa unahamishwa, na mumeo ndiye atakayetakiwa kukufuata au kubaki nyuma na watoto. Wapo wanaume wanaoweza, na ndoa zao ni nzuri, lakini jambo hili lisemwe kabla ya posa, lisisubiri barua ya uhamisho.

Na kuna misheni. Watu husifia posho za ulinzi wa amani, na ni kweli familia nyingi zimejenga kwa fedha hizo. Lakini tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa, na zaidi ya askari kumi wa Tanzania waliuawa kwa usiku mmoja. Sisi tulioolewa jeshini hatukulala siku zile, hata ambao waume zetu walikuwa hapa nchini. Mweleze mama yako hili kwa mdomo wako, umsikilize atakachosema. Asije akalijua kutoka redioni.

Afisa Mtaalamu, Nakuru

Dada, kwetu Kenya mlango ni mwingine. Jeshi letu, KDF, hutangaza nafasi za makadeti wa huduma za jumla, na kando yake nafasi za maafisa wataalamu kwa wenye shahada kama wahandisi, madaktari na wanasheria, wote wakifunzwa katika chuo cha kijeshi cha Lanet. Mtaalamu huingia akijua kuwa taaluma yake ndiyo iliyomleta. Nakuambia hili ili usichanganywe na maelezo ya Wakenya unayoyasoma mtandaoni, kwa maana hayatakufaa huko kwenu.

Mhitimu wa Ujenzi

Nawashukuru sana. Swali la Meja, kama ningekubali kubaki askari, sikuwahi kujiuliza, na nimekaa nalo tangu jana. Jibu langu ni ndiyo, ingawa si jepesi. Nitajisajili kwenye Bodi wiki hii, nitazungumza na mama, kisha nitaiandikia kampuni kwamba siichukui kazi. Je, kuna jambo la kuandaa wakati nasubiri tangazo?

Meja Mstaafu, Arusha

Vyeti, binti yangu. Hakikisha majina kwenye cheti cha kuzaliwa yanalingana herufi kwa herufi na yale ya vyeti vya shule na cha JKT, na kama kuna tofauti nenda RITA, wakala wa usajili wa vizazi, sasa hivi, kabla foleni ya waombaji haijaanza. Endelea kukimbia kila asubuhi. Na mtu yeyote atakayekupigia simu akidai fedha ili akupatie nafasi, mripoti polisi.