Tela linavuta kushoto nikikanyaga breki

Wakuu, tela la ekseli tatu, slaki adjasta (mikono ya kurekebisha breki) za kukaza kwa mkono, chemba (makopo ya upepo yanayosukuma breki) za saizi 30 za kawaida. Nikikanyaga breki linavuta kushoto na dramu za huko zinachemka kuliko za kulia. Nikaze slaki zote?

— Pima kwanza. Weka kabari, achia handibreki, zima injini upepo ukiwa psi 90 hadi 100. Chora alama kwenye fimbo ya chemba, mwenzako akanyage hadi mwisho. Ikitoka zaidi ya inchi 2, imelegea. Nashuku kulia kumelegea, kushoto kunabeba kazi yote.

— Spana 9/16: bonyeza kola inayofunga boliti ya slaki, zungusha boliti hadi laining (vitambaa vya breki) ziguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu mzunguko. Ukiona slaki inavuta fimbo nje ya chemba, unazungusha kinyume. Hakikisha kola imerudi juu. Ikikwama, boliti itajilegeza barabarani.

— Kipimo cha kulia kikiwa sawa, fungua dramu za kushoto: springi ya kurudishia ikikatika, laining haziachii. Na kama kulia kuna grisi au mafuta kwenye laining, kukaza hakusaidii kitu.